Paa linanivujia mimi, wenzangu wanasema ni langu peke yangu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu mwaka 2017 naishi katika fleti niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye fleti 12 huku Isamilo, Mwanza. Ndugu zangu walinicheka wakati ule, wakasema mtu mwenye akili hununua kiwanja na kupasua miamba yake mwenyewe, wala hanunui vyumba vinavyoning'inia hewani. Sikujuta hata kidogo, maana dirisha la sebuleni linatazama ziwa, mpaka zilipokuja mvua za vuli za mwaka juzi.

Rangi ya dari ilianza kuvimba malengelenge juu ya mlango wa chumba cha kulala, kisha ikapasuka, na siku hizi mvua ikinyesha usiku naamka mara mbili kumwaga beseni. Fundi niliyempandisha juu alikuta kwamba paa, ambalo ni la zege na halina mteremko wa kutosha, limepata nyufa kuzunguka jukwaa lililobeba matangi ya maji ya fleti zote 12. Alikadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 4 na laki 8, fedha ambazo pensheni yangu haizijui.

Niliiandikia kamati ya wamiliki, na baada ya wiki sita nikajibiwa kwa sentensi moja, kwamba kila mmiliki atengeneze paa lililo juu yake. Kwa hesabu hiyo mwenzangu wa ghorofa ya chini hana paa kabisa, na mimi ndiye ninayewafunika wote bure.

Nimeisoma Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Kwa nilivyoielewa, inatenganisha sehemu ya kila mmiliki na maeneo ya pamoja, ambayo wamiliki wote wanayamiliki kwa hisa zao na ambayo chama chao kina wajibu wa kuyatunza. Ramani iliyoambatanishwa na hati yangu inaonyesha mipaka ya sehemu yangu ikiishia darini. Nilipompelekea mwenyekiti wa kamati nakala ya ramani hiyo aliniangalia kwa huruma, akasema, “Mwalimu, karatasi nimeiona. Hela je, zitatoka wapi?” Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu wamiliki watano kati yetu wanaishi Dar es Salaam au nje ya nchi na hawajatoa mchango kwa muda mrefu, na shilingi 50,000 za mwezi tunazotoa tuliobaki zinaishia kwa mlinzi, taa za ngazi na umeme wa pampu.

Sasa nieleze kosa langu. Tangu Januari mwaka huu niliacha kulipa mchango, nikiamini kwamba nawabana mpaka watengeneze. Mwezi wa nne kijana wa getini alipanda na spana, akaniambia bila kuniangalia usoni, “Shikamoo mwalimu, samahani, nimetumwa,” akafunga koki ya maji ya fleti yangu. Tangu siku hiyo napandisha ndoo kwa ngazi na magoti haya ya miaka 66, na pampu ikisahauliwa usiku na matangi yakafurika, maji niliyonyimwa bombani nayapata kupitia darini.

Wakili mmoja niliyemuuliza juujuu alinifahamisha kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, haliamui, na kwamba ni lazima nianzie huko kabla ya kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia naiona. Kinachonizuia ni kwamba mwenyekiti huyo ndiye aliyesimamia mazishi ya mke wangu, tangu kuchukua mwili hospitalini mpaka kugawa chakula siku ya kuanua matanga, na nikimpelekea wito wa baraza sijui nitampitaje kwenye ngazi kila asubuhi.

Naomba unishauri mambo haya. Je, mmiliki anayedai matengenezo ya eneo la pamoja ana haki ya kuzuia mchango wake, au nilipe malimbikizo yote kwanza ndipo nidai nikiwa na mikono safi? Je, kamati inaweza kumfungia maji mmiliki mwenye deni, hata kama kanuni za jengo hazisemi lolote kuhusu hilo? Nikitengeneza paa kwa mkopo, ni maandishi gani niwasainishe kabla fundi hajaanza, ili wale walioko mbali nao wabebe sehemu yao? Na kama hatua ya Baraza la Kata haiepukiki, nimwambieje mwenyekiti kabla wito haujamfikia?

Mvua za vuli zimekaribia, nami naomba jibu mapema.

Wako,
Mwalimu wa ghorofa ya juu,
Isamilo, Mwanza