Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: mtaro tumechimba, simenti yenu iko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa, shikamoo.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya mtaro huku kwetu bondeni, Dar es Salaam. Mtaa siutaji maana unaujua, ulikuja mwenyewe Agosti mwaka jana ukakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa, ukatuambia nyie toeni nguvu kazi na mchango kidogo, sisi tunaleta simenti, nondo na injinia ndani ya wiki mbili. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari siku ileile, na tarehe ipo. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Tukachanga. Kaya 86, kila kaya shilingi 10,000, wengine walimaliza, wengine hawakuweza. Kuna mama anauza mkaa, yeye alikuwa ananiletea mia tano tano jioni akishafunga, mimi namwandikia, yeye anaweka dole gumba, mpaka elfu kumi yake ikatimia. Jumla tulipata 812,000. Tukanunua sururu, machepe, toroli mbili, lori la mchanga na lori la kokoto, risiti zote ninazo. Tukachimba Jumamosi nne, vijana wanapiga sururu, sisi akina mama tunabeba udongo kwa ndoo, mita 210 kina cha kiuno kutoka nyuma ya msikiti mpaka kwenye kalvati la barabara kubwa. Halafu tukakaa kusubiri sehemu yenu.

Mheshimiwa, mpaka leo tunasubiri.

Jumanne usiku mvua imenyesha kama unavyojua, na alfajiri mtoto wa jirani yangu, ana miaka minne, katoka nje kwenda chooni akateleza akaingia mtaroni. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu, kijana wa bodaboda ndo alimdaka kwa fulana mita kama thelathini mbele. Yuko hai, Mungu ashukuriwe, mkono umevunjika. Mtaro huohuo tuliochimba kwa mikono yetu ili maji yasituue ndo umetaka kumuua mtoto, kwa sababu haujajengwa, haujafunikwa, kingo zinabomoka kila siku na ukuta wa choo changu nusu umeshaingia ndani.

Nimekuja ofisini kwenu mara saba. Mara ya kwanza niliambiwa injinia yuko saiti, mara ya pili kahamishwa, mara ya tatu nikaambiwa mitaro siyo ya kwenu tena niende ofisi nyingine, nikaenda, kule wakaniuliza nani aliwaruhusu kuchimba. Nasikia hela ya simenti ilipelekwa kwenye madarasa, wengine wanasema haikuwahi kupangwa kabisa. Mimi sijui, hakuna aliyeniambia kwa mdomo wake. Nauli tu ya kuja huko nimeshamaliza mtaji wa unga wa wiki nzima.

Na naomba tusiambiwe kwamba ubia wa namna hii hauwezekani. Hananasif pale Kinondoni miaka ya 90 walifanya. Marehemu shangazi yangu alikuwa amepanga kule, alibeba kokoto kwenye mitaro ile akalipwa, na hela ile ndo aliyofungulia genge. Wananchi walikuwa na chama chao cha maendeleo, jiji lilikuwemo, wataalamu wa Chuo cha Ardhi walikuwemo, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya ILO na UNDP pamoja na Ford Foundation ya Marekani wakatoa hela na utaalamu, na kazi ikafanywa na watu wa palepale, wanawake wakiwemo, kwa mkataba waliousaini wenyewe. Kila mmoja alijua anatakiwa alete nini. Sisi kosa letu naliona sasa, tulichukua ahadi ya chini ya mwembe bila karatasi, tukaamini kwa sababu ni Mkurugenzi ndo kasema.

Hata huo mpango wa Fursa na Vikwazo mnaotuitia mikutano unasema wananchi tuibue mradi wenyewe na tuchangie. Tumeibua, tumechangia, tumechimba. Barabara za lami za DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, tumeziona zinajengwa Temeke, Ilala na Kinondoni, hatukatai, ni kitu kizuri, ila huku kwetu gari lenyewe halifiki, sisi tuliomba mtaro tu. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya wenzetu wa mabondeni wapelekwe Mabwepande, mvua ikinguruma usiku huku hakuna anayelala, watu wanakaa kitandani wameshika watoto na bahasha ya vyeti.

Sasa nikueleze langu mimi. Nauza maandazi na chai asubuhi pale njia panda, miaka kumi na moja sasa. Tangu mwezi wa kwanza wateja wanapungua. Watu wanapita, wanasalimia, wanaenda kununua kwa mwingine. Juzi mtoto wangu wa darasa la tano karudi analia, mwenzake kamwambia mama yako kala hela ya mtaro. Yule mama wa mkaa hajanisema popote, ila akikutana na mimi anainamisha macho, na hiyo inaniuma kuliko matusi. Nimebandika risiti zote ukutani pale ofisi ya mtaa, watu wanasoma, wanauliza, sasa kama hela ipo simenti iko wapi? Mimi nitajibu nini Mheshimiwa? Simenti haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya kwako.

Tunaomba mlete simenti na nondo. Kama nondo hakuna leteni simenti, vijana wapo, mchanga upo japo mvua imeshaubeba nusu, fundi tutamtafuta wenyewe. Kama hata simenti hakuna, basi leteni mifuniko ya zege ya pale kwenye nyumba zenye watoto, nyumba tisa tu, nimezihesabu.

Na kama hata hiyo haiwezekani, Mheshimiwa, naomba uniandikie barua moja, fupi, yenye muhuri wa ofisi yako, iseme kwamba manispaa iliahidi simenti na haijaleta. Nitaibandika pale ukutani pembeni ya risiti, ili yule mama wa mkaa akipita asomewe.