Maumivu ya viungo kwa wanaoishi na VVU yaulizwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi tunaowatembelea majumbani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa Pemba tunakutana nalo kila mara, nalo ni maumivu ya mgongo, nyonga na magoti yasiyokwisha.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, na wengi ninaowajua wameyabeba kwa miaka. Virusi vyao vimefubazwa, dawa hawakosi, kwa hiyo wakifika kliniki huambiwa wanaendelea vizuri. Mmoja wa hao wanaoendelea vizuri nilimkuta wakati wa bamvua amekwama baina ya kamba zake za mwani, mikono yote miwili kiunoni, akisubiri mwenzake aje amnyanyue.

Si haki kukitupia lawama kidonge cha kufubaza virusi peke yake. Kuinama majini kwa saa nyingi kunaumiza mgongo wa yeyote, na umri nao una sehemu yake. Lakini ni kweli pia kwamba virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa, na tenofovir, dawa iliyomo katika kidonge hicho wanachokunywa wengi, hupunguza uimara wa mfupa, hasa mwanzoni mwa matibabu. Waliowahi kutumia stavudini, dawa ya VVU ya zamani, baadhi yao wangali na ganzi na mchomo wa nyayo ingawa dawa hiyo waliiacha. Tena kuna maumivu ya nyonga yanayotokana na kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu, ambayo hayaponi kwa kuchuliwa mafuta ya makonyo ya karafuu, hata yakiwa ya kiwanda cha Wawi kwenyewe.

Linalonitia hofu zaidi ni wanachofanya watu wasipoulizwa. Bibi yule niliyemkuta kwenye mwani alipofungua pindo la kanga yake, ndani mlikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki alivyonunua dukani bila cheti cha daktari, na alikuwa akivimeza kila anapotoka pwani. Diklofenaki na tenofovir zote zinaweza kuumiza figo, na zikitumika pamoja hatari huzidi. Wengine hununua vidonge vya chokaa ya mifupa (kalsiamu) wakavinywa na dawa zao tumbo likiwa tupu, wasijue kwamba chokaa huzuia dolutegravir, dawa nyingine ya VVU iliyomo katika kidonge chao, isiingie mwilini ipasavyo. Vyote viwili vinywewe pamoja na chakula, au dawa iitangulie chokaa kwa saa 2.

Hakuna anayepaswa kuacha dawa zake kwa sababu ya maumivu, na ndiyo maana ni lazima maumivu hayo yapate msikilizaji. Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kila mahudhurio mgonjwa aulizwe anaumwa wapi, tangu lini, na anameza nini kingine, na majibu yaandikwe. Maambukizi Zanzibar yako chini ya asilimia 1, hivyo wa kuulizwa si wengi kiasi cha kuwashinda wauguzi wetu. Pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo aletwe siku ile ile ya kliniki, walau mara moja kwa mwezi, kwani mtu asiyeweza kuinama kufunga mwani hana nauli ya kumfuata Chake Chake.

Wako,
Mtoa huduma wa majumbani,
Micheweni, Pemba