Kabla Hujabadilisha Kadi ya Grafiki, Weka FPS Kwenye Kioo

"Kompyuta yangu inakwamakwama nikicheza gemu, niwekeeni kadi kubwa zaidi." Ombi hili tunalipokea mara kwa mara, na jibu letu la kwanza ni lile lile: tuonyeshe namba. Gemu hukwama kwa sababu nyingi, na baadhi yake haziondoki hata ukinunua kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, ya bei ya juu kuliko zote. Namba zikiwepo kwenye kona ya kioo wakati unacheza, nusu ya kazi ya fundi imeshafanyika.

FPS ni idadi ya fremu, yaani picha, ambazo kompyuta inachora kwa sekunde moja. Kwa FPS 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa; kwa FPS 144 muda huo haufiki hata milisekunde 7. Wengi huichanganya na ping, ambayo ni muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Ukiona mpinzani anarukaruka lakini ukizungusha kamera picha inateleza vizuri, shida iko kwenye mtandao na hakuna kadi itakayoitibu. Kamera yenyewe ikigoma kuzunguka sawasawa, hata ukicheza peke yako bila intaneti, hapo ndipo tunazungumzia FPS.

Kuiwasha si kazi. Zamani wachezaji wengi walitumia Fraps, na tarakimu zake za njano bado zinaonekana kwenye video za miaka hiyo, lakini programu hiyo haijapata toleo jipya tangu 2013 na hatuishauri tena. Kama unacheza kupitia Steam, programu ya kununua na kuendesha magemu, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya "In Game", uwashe kihesabu cha FPS. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, fungua kidirisha cha utendaji, kisha kibane kwa alama ya pini ili kibaki hapo gemu ikiendelea. Wenye kadi ya NVIDIA na programu yake hubonyeza Alt na R. Wenye AMD hubonyeza Ctrl, Shift na O. Wanaotumia Linux wana programu ya MangoHud. Gemu nyingi pia zina kihesabu chake: Minecraft ya Java ukibonyeza F3, Counter-Strike 2 ukiandika cl_showfps 1 kwenye konsoli, yaani kidirisha cha gemu cha kuandikia amri.

Sisi kwenye meza ya ufundi tunatumia MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu zinazoandika namba hizi juu ya gemu, kwa sababu tunachagua wenyewe nini kionekane. Pakua Afterburner kwenye tovuti rasmi peke yake, maana zimewahi kuwepo tovuti bandia za programu hii zinazosambaza virusi. Na kama gemu ya mashindano inazuia programu za nje kuchora juu ya kioo, usilazimishe. Tumia kihesabu cha gemu yenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya wateja wengi. Mtu anatuambia, "FPS inasoma 60, lakini bado inakwama," na anadhani kihesabu kibovu. Kihesabu ni kizima. Chukua sekunde moja: fremu 59 zimetoka kila moja kwa milisekunde 10, jumla 590. Fremu ya mwisho imechukua milisekunde 410 zilizobaki. Kihesabu kitaandika 60, na hakijakosea, ila macho yako yameona kioo kikiganda karibu nusu sekunde. Ukiwa unalenga adui, umeshakufa.

Ndiyo maana tunasisitiza uwashe pia grafu ya muda wa kila fremu. Mstari ukiwa umelala karibu sawa, gemu ni laini hata kama FPS ni 50. Mstari ukiwa na miiba mirefu, gemu inakera hata ikiwa FPS 110. Kipimo kingine ni kile kinachoitwa 1% low, yaani kasi ya zile fremu chache zilizochelewa kuliko zote. Wastani ukiwa 110 na 1% low ikiwa 28, tafuta kwanza kinacholeta hiyo 28. Kwa maoni yetu hiyo ni namba muhimu kuliko wastani, na inasikitisha kwamba watu hununua vifaa kwa kutazama wastani tu.

Weka namba nyingine nne pembeni: asilimia ya matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa (prosesa ni ubongo wa kompyuta, na viini ni sehemu zake zinazogawana kazi), joto, na memori ya kadi iliyotumika. Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, hapo kweli kadi ndiyo kikomo, na unaweza kupunguza vivuli au azimio la picha, yaani idadi ya nukta zinazoiunda, kabla ya kufikiria kununua. Kadi ikisoma asilimia 55 huku FPS iko chini na hujaiwekea FPS kikomo kwenye mipangilio, kadi inasubiri kazi kutoka kwa prosesa. Usidanganywe na prosesa inayoonyesha asilimia 30 kwa ujumla. Kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa kabisa huku vingine vimelala. Kuhakikisha, shusha azimio hadi 720p. FPS isipopanda, kadi mpya haitakusaidia.

FPS ikianza vizuri kisha ikashuka baada ya dakika kadhaa huku joto limepanda, kompyuta inapunguza kasi yake ili isiungue. Mara nyingi ni vumbi kwenye feni au pasta ya joto iliyokauka juu ya prosesa. Hii ni kazi ya kusafisha, na tunaifanya bila kukuuzia kifaa kipya. Memori ya kadi ikijaa, miiba hutokea ukiingia eneo jipya la ramani. Punguza ubora wa tekscha, yaani picha zinazofunika kuta, ardhi na vitu vya gemu. Kuna pia miiba inayokuja mara ya kwanza tu, mlipuko wa kwanza au silaha ya kwanza, halafu haijirudii: gemu inaandaa vijiprogramu vya kuchora mwanga na vivuli, vinavyoitwa sheda. Kwa hiyo, cheza kipande kile kile mara mbili kabla ya kuhukumu mashine.

Namba isiyosogea nayo ina maana yake. FPS ikiganda kwenye 60 kamili na monita yako ni ya Hz 144, yaani inaweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, angalia kama V-Sync (mpangilio unaofunga FPS ifuate Hz za monita) imewashwa na kama Windows imeiweka monita kwenye Hz 60. Kwenye laptopu, ikishuka ghafla na kubaki chini mara tu unapochomoa chaja, mfumo unabana betri. Na kwa kompyuta ya mezani, hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama. Tunalikuta hili mara nyingi kuliko unavyofikiri, na marekebisho yake ni kuhamisha waya.

Tahadhari moja kwa kadi za kisasa. DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, teknolojia za kuongeza FPS, tangu 2022 na 2023 zinaweza kubuni fremu za katikati ambazo gemu yenyewe haikuzichora. Kihesabu kitapanda sana na picha italainika, lakini mwitikio wa mausi unabaki ule wa fremu halisi, au unachelewa kidogo zaidi. Zima kipengele hicho unapopima.

Ukitaka tukuangalizie, rekodi video ya dakika kumi kwa simu au kompyuta, namba zote zikionekana, ukianza na mashine iliyopoa. Chagua sehemu inayokusumbua zaidi, si menyu wala ukuta mtupu. Ututumie pamoja na jina la gemu, azimio ulilotumia, aina ya kadi na prosesa, Hz za monita, na kama ni laptopu, utuambie kama chaja ilikuwa imechomekwa.