Mjomba, zile picha sio katuni

Mjomba shikamoo. Zile picha za Jacob Lawrence, mchoraji mweusi wa Marekani, nilizotupia kwenye grupu la familia ukasema eti katuni, watu hata macho hawana, nimeona nikujibu huku hadharani maana kule mada ilishamezwa na michango ya harusi.

Jamaa alikuwa na miaka 23 tu alipochora ile seti ya picha 60, mwaka 1940 kuingia 1941, inaonyesha weusi wa Marekani walivyohama kusini kwa wingi kwenda miji ya kaskazini kutafuta kazi viwandani na kukimbia kuonewa, na wazazi wake mwenyewe walitokea huko huko kusini. Sasa sikia alivyozichora: hakumaliza moja ndo aanze nyingine, zote 60 alizipiga kwa pamoja, yani vibao vya kuchorea kavipanga vyote, anachukua rangi nyeusi anapita nayo kibao hadi kibao, akimaliza ndo anahamia rangi inayofuata, mpaka zile za mwanga, ili rangi isibadilike toka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Vibao vyenyewe vidogo, kama sentimita 30 kwa 46, na aliyemsaidia kuviandaa ni Gwendolyn Knight, mchoraji mwenzie ambaye alimuoa mwaka huo huo wa 1941.

Afu hilo la macho, hebu fungua tena namba 15. Inahusu weusi waliokuwa wananyongwa na makundi ya wazungu, ila maiti humo hamna. Kuna tawi, kitanzi kinaning'inia kitupu, na mtu mmoja kajikunyata pale chini uso hauonekani. Ulitaka achore macho ya nani hapo?

Kinachonikera mimi ni seti kugawanywa, namba shufwa wakachukua MoMA, makumbusho ya sanaa ya New York, witiri zikaenda makumbusho ya Phillips kule Washington, kama watoto wa ndoa iliyovunjika.

Na hiyo ina nafuu. Ile seti yake nyingine ya miaka ya 50, Struggle, ya historia ya Marekani, picha 30, ilitawanyika kabisa, zingine hazijulikani ziliko, hadi 2020 Metropolitan Museum walipoionyesha ikiwa na mapengo, mgeni mmoja akakumbuka kuna picha moja kama hizo kaiona kwa majirani zake hapo hapo New York, kucheki kweli ni namba 16! Mwaka uliofuata ikaibuka namba 28, nayo kwenye nyumba ya mtu.

Namba 15 nakutumia tena WhatsApp. Tafadhali usiangalizie kwenye ile simu yako yenye kioo kilichopasuka.