Asante, fundi wa betri ya mashine ya nyasi

Fundi wetu, uliomba jina lako lisitajwe, na tunaliheshimu ombi hilo. Shukrani zetu lakini tunazitoa hadharani, maana wengine wangetuuzia betri mpya na kuondoka.

Wewe ulianza na multimita, kifaa cha kupima umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8, ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe siku hiyohiyo. Ikiachwa tupu kiangazi kizima, nyasi zikiwa hazikui, salfeti (aina ya chumvi) hugandia bamba za risasi zilizo ndani na betri haishiki tena chaji. Hicho ndicho kinachoua betri nyingi za mashine za nyasi za kukalia, kuliko kazi yenyewe.

Asante kwa kusisitiza chaja ndogo ya ampea 2 inayojikata yenyewe, badala ya ile kubwa ya gari inayochemsha betri ndogo kama hii. Asante pia kwa kutuonyesha kupima betri injini ikizunguka kwa kasi: volti 13.5 hadi 14.5 ni salama, ila ikibaki 12.5, tatizo ni fyuzi, regyuleta (kidhibiti cha volti) au koili ya kuchajia, na betri mpya nayo itakufa.

Vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, tunavisafisha kwa bekingi soda na maji, kisha grisi. Waya wa negativu hutoka kwanza, hurudi mwisho. Ndani tunaongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, yafunike bamba.

Ubarikiwe sana, fundi.