Shukrani kwa Dada wa Gengeni Makorora

Kwako dada uliyeniuliza gengeni Makorora, hapa Tanga, kwa nini mwanangu ananyonya ncha ya khanga yangu: jina lako silijui, nawe hukutaka kulitaja, basi nakushukuru hadharani. Mume wangu alikuwa amerudi baharini mikono mitupu kwa siku ya tatu, na chungu hakikuinjikwa tangu jana yake. Ulitununulia unga, maharage na dagaa, kisha, jambo ambalo wengi wasingelifikiria, ukatusindikiza hadi kliniki, ambako utepe uliozungushwa mkononi mwa mtoto ulionyesha sentimita 11.2, yaani kwenye rangi nyekundu, kwa kuwa chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Alianzishiwa chakula dawa siku hiyohiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, nami nilidhani wangu ni mwembamba wa asili tu. Sasa utepe unafika 12.9, na leo asubuhi amemaliza bakuli la uji, akalikwangua kwa kidole. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, dada yangu.