Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: msitu uliokatwa uandikwe pia kuwa hasara

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu safu moja inayokosekana katika hesabu za taifa. Kiwanda kinapotumia mashine, mhasibu hukata kila mwaka sehemu ya thamani yake na kuiandika kuwa uchakavu, kwa kuwa anajua siku itafika mashine hiyo ife na nyingine itafutwe. Msitu ukikatwa, mbao zilizouzwa huongezwa kwenye Pato la Taifa, lakini hakuna panapoandikwa kwamba msitu wenyewe haupo tena. Hivyo mwaka tuliouza mtaji wetu kwa wingi kuliko yote ndio unaoweza kutangazwa kuwa mwaka wa neema.

Tazama mikoko. Boriti yake ina bei inayojulikana sokoni. Mkoko uliosimama, kwa upande wake, hulea kati ya mizizi yake samaki na kamba wachanga ambao baadaye huvuliwa mbali na hapo, hupunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika kwenye makazi ya watu, na tope lililo chini yake huhifadhi kaboni kwa karne nyingi. Kazi hizo hazina stakabadhi. Ndiyo maana anayetaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba mahali pa mikoko huja na faida yake ikiwa imeandikwa kwa tarakimu, huku upande wa pili wa karatasi ukiachwa mtupu, na utupu huo husomwa kuwa sifuri.

Hata kazi hizo zinapohesabiwa, kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya faida ya baadaye hupunguzwa kwayo kila mwaka ili ilinganishwe na fedha za leo, huweza kuzifuta. Faida ya 100 itakayopatikana baada ya miaka 50, ikipunguzwa kwa asilimia 10 kwa mwaka, thamani yake ya leo haifiki hata 1. Kwa asilimia 3 inakaribia 23. Naomba kiwango kinachotumiwa na wizara yako kitangazwe na kujadiliwa hadharani, maana anayekichagua huwa ameshaamua wajukuu wetu wahesabiwe kwa uzito gani.

Wapo wanaohofu kwamba kukipa kitu thamani ya fedha ni kukipeleka mnadani. Naiheshimu hofu hiyo, na spishi iliyobaki mahali pamoja tu duniani yafaa ilindwe na sheria bila kuulizwa bei. Lakini sheria ya misitu ya Kosta Rika ya mwaka 1996 ilizitambua huduma za msitu, yakiwemo maji na kaboni, ili wenye misitu walipwe kwa kuitunza, na sehemu ya fedha hizo ikatoka kwenye kodi ya mafuta.

Vipimo vipo. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa hesabu za mazingira na uchumi mwaka 2012, ikaongeza hesabu za mifumo ikolojia mwaka 2021, na mfumo mpya wa hesabu za taifa uliopitishwa mwaka 2025 unataka kupungua kwa maliasili kuandikwe kuwa gharama ya uzalishaji. Naomba hotuba yako ijayo ya bajeti iwe na jedwali la misitu na maji, lenye kilichokuwepo mwanzo wa mwaka, kilichotumika na kilichobaki.

Wako,
Raia mlipakodi